Mshikio wa Kulia

4 Machi

Wifi,

Salamu nitaziweka mwishoni, nikizikumbuka.

Simu tumeshindwa. Mara ya mwisho sijui nani alianza kumkatia mwenzake, ingawa najua ni wewe. Barua pepe ya karakana inasomwa na kila mwenye mikono ya grisi anayepita kwenye ile kompyuta. Kwa hiyo nimeshika kalamu. Kwenye karatasi angalau utanisikiliza mpaka nukta.

Leo nimefungua faili ya kiti cha Mama. Nilikuwa nimejikalia vizuri na chai yangu, nasema ngoja nione kama mmeshaanza kukata mabomba. Chai imepoa mezani. Mchoro niliouacha mweusi tii, kila mstari umefungwa mahali pake, sasa ni bluu, yaani umefunguka, kuanzia magurudumu mpaka mgongo. Nikaugusa mgongo wa kiti kwa kipanya, ukalala chali. Nikagusa ubao wa miguu, ukapanda wenyewe mpaka mapajani. Nikajiuliza ni nani mwenye roho ya kuharibu namna hii, halafu nikakumbuka aliyekalia meza yangu.

Umefuta mshikio. Si mwingine, ule wa kulia! Bomba lile la pembeni ambalo Mama analishika kwa mkono wake mzima, anajisukuma, anasimama. Kiti chote kilichorwa kwa ajili ya bomba hilo. Desemba nilishinda naye siku nzima nikimwambia simama Mama, kaa Mama, simama tena, nampima kiwiko, nampima kiganja, mpaka akaniuliza kama mimi ni mtoto wake au fundi wa majeneza. Tangu kiharusi kimchukue upande wa kushoto, kitu kimoja tu amebaki nacho cha kujivunia: anainuka mwenyewe. Wewe umekifuta kwa kidole kimoja.

Na kwa kuwa chuoni ulikuwa unasinzia, nakurudishia somo bure. Mstari ukiufuta hauondoki peke yake. Kila kifungo kilichoushika kinaondoka nao kimyakimya: kile kilichosema mgongo ulale kiasi gani kutoka kwenye mshikio, kile kilichosema miguu ikae chini yake kiasi gani. Programu haikuulizi kitu. Inakudhania una akili. Ukifuta kifungo peke yake, mstari unabaki, ila unayumba kwa sababu hakuna tena kinachoushika. Wewe umefanya yote mawili kwa mkupuo, ukafunga faili, ukaenda zako kupika.

Hawakukuita Kifutio kwa mapenzi, wifi. Ulikuwa unafuta mpaka karatasi inatoboka.

Nimeurudisha mchoro kama ulivyokuwa. Uko kwenye barua pepe. Usiuguse.

Wifi yako,
mwenye mchoro

13 Machi

Rula,

Maana hilo ndilo jina lako karakana, na hawakukupa kwa mapenzi vilevile. Umenyooka, ni mgumu, na kazi yako ni kuwaonyesha wenzako walivyopinda.

Somo nimelipata. Ahsante mwalimu. Mimi na wewe tulikaa dawati moja miaka yote ile ya chuo, na cheti changu kina muhuri uleule wa cheti chako, lakini endelea kunifundisha kufuta mstari kama unamfundisha mtoto kuvaa viatu. Nilijua vifungo vitaondoka. Niliufuta mshikio nikijua. Mgongo na ubao wa miguu nilikuwa nakusudia kuvifunga upya kwa vipimo vya Mama wa sasa, ila kaka yako, na unamjua kaka yako, alikutumia faili nikiwa bado jikoni. Ndiyo, jikoni. Nyumba hii watu wanakula, na wewe pia ulikuwa unakula ulipokuwepo, tena ulikuwa wa kwanza kufunua sufuria.

Mshikio nimeufuta tena. Na safari hii nimevifunga vyote, mchoro ni mweusi kama unavyoupenda. Kiti nimekishusha kidogo. Usiniulize kwa nini. Kaa huko kwenye kiwanda chako cha vitanda vya hospitali, uchore vitanda vya wagonjwa usiowajua, kazi nzuri, wote tunajivunia. Ila huyu mgonjwa wa hapa naamka naye mimi.

Ukitaka sababu njoo uione kwa macho yako. Na najua huwezi kuja, uko kwenye miezi ya majaribio, ukikosa kazini wanakuonyesha mlango. Basi ukishindwa kuja, niamini. Ni neno dogo tu, halijamuua mtu.

Mama anakusalimia. Mimi bado nafikiria.

Kifutio

24 Machi

Wifi,

"Mama wa sasa." Nimelisoma hilo mara nyingi, nikacheka mpaka wenzangu ofisini wakageuka. Kwani kuna Mama wa zamani? Mmemnunua mwingine?

Sasa ngoja nikwambie ninachokiona mimi, maana rula inaona. Mama akisimama mwenyewe, wewe ni mke wa mwanawe tu, unasaidia vyombo. Mama asiposimama, wewe ndiye nguzo ya nyumba. Majirani wanakusifia sokoni, kaka yangu anakutazama kama malaika, na mimi dada mtu nabaki jina la kwenye simu. Kiti kisicho na mshikio kinakufaa sana. Sishangai. Ulimchukua kaka yangu, ukachukua meza yangu karakana, hata kiti changu chenye mto ukakikalia. Kilichokuwa kimebaki ni Mama.

Na usinidanganye kuhusu hali yake, kwa sababu naongea naye kila Ijumaa. Ijumaa iliyopita alikuwa ananisimulia mambo ya jirani, katikati akasema, "Subiri mwanangu, vumbi linaingia, nifunge dirisha." Nikamsikia akienda. Nimezisikia ndara zake zikiburuzwa sakafuni kwa masikio yangu haya, hatua na hatua, na dirisha nikalisikia likifungwa. Akarudi kwenye simu akihema kidogo, akasema, "Haya, nimefika." Mtu anayeweza kwenda dirishani na kurudi, wewe unamchorea kiti cha kubebwa kama gunia!

Huna aibu. Nilikuwa nafikiri una uvivu tu, na uvivu ningekusamehe.

Kwa hiyo sitakubembeleza tena. Nimempigia Miwani, mchomeleaji wetu, yule aliyemchomelea Mama kitanda chake kabla wewe hujajua rangi ya mlango wetu. Nimemtumia mchoro wangu moja kwa moja, wenye mshikio, nikamwambia akate, achomelee, apake rangi ya bluu anayoipenda Mama, na asipokee neno la mtu yeyote mpaka lipitie kwangu. Akasema, "Sawa Rula, wewe ndiye mwenye kazi." Umesikia. Mwenye kazi.

Kiguse kiti hicho uone.

Wifi yako

2 Aprili

Wifi,

Kiti kimefika. Kimechomelewa vizuri, rangi haijachuruzika hata tone. Mama amekitazama sana. Amesema mwanangu ana mkono. Kaka yako amekisukuma uani kwenda na kurudi kama amenunua gari.

Sasa nisikilize. Nimekwenda kwa Miwani nikamwomba aukate mshikio. Amekataa. Anasema umemwambia neno lolote lipitie kwako, na yeye hataki ugomvi na wewe, bora agombane na mkewe. Grainda ya karakana anaifungia kabatini sasa. Ndiyo, kwa ajili yangu.

Kwa hiyo nakuomba wewe. Mpigie, mwambie aukate. Bomba likiondoka kiti kinafaa. Likibaki hakifai, na siwezi kukwambia kwa nini, nimekatazwa. Si na kaka yako. Umeshawahi kuniona nakuomba kitu? Chuoni hata penseli sikukuomba.

Kifutio

9 Aprili

Wifi mpendwa,

Nimeipata barua yako. Nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, yaani ladha yake haiishi. Wewe kuniomba mimi! Nitaitia fremu.

Umekatazwa na nani? Na majini? Kila ukikosa hoja unaweka siri. Ulikuwa hivyo hivyo kwenye mitihani: ukiulizwa kwa nini mstari umepinda, unasema nina sababu zangu.

Jibu ni hapana. Mshikio hautakatwa. Tena Ijumaa nilimuuliza Mama mwenyewe, "Mama, bomba linakushika vizuri?" Akasema, "Linanishika sana mwanangu, naamka nalo, nalala nalo." Sauti yake ilikuwa imejaa furaha. Nikamwambia asimsikilize mtu anayetaka kumkalisha. Akasema, "Simsikilizi."

Kwa hiyo Mama mwenye mwili wake ameshasema, na fundi amegoma. Umebaki wewe na kifutio chako. Futa basi. Kilichochorwa unaweza kukifuta, ila chuma kimekushinda.

Wifi yako, leo mwenye furaha

15 Aprili

Wifi,

Soma hii ukiwa umekaa, na usiisome ofisini.

Mama hasimami. Hajasimama tangu Januari, siku chache tu baada ya wewe kupanda basi. Kiharusi kilimrudia asubuhi akichana nywele. Kitana kilianguka, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekiangusha. Kimechukua upande wa kulia sasa. Ule mkono ulioupima kiwiko na kiganja unashika kikombe kikiwa nusu, tena mpaka nikitie mkono chini. Mguu haumsikii kabisa. Kimemwachia mdomo tu, na mdomo ndio anaoutumia kwako kwenye simu.

Dirisha nafunga mimi. Mama ananikonyeza, navaa ndara zake, natembea kutoka kitandani mpaka dirishani nikiburuta mguu kama alivyokuwa akiuburuta yeye. Nalifunga. Narudi. Yeye anahema kwenye simu, anasema nimefika. Mara ya kwanza nilikosea nikatembea haraka, akanifinya baada ya kukata simu, akasema, "Umenitembeza kama msichana, atajua." Kila Ijumaa, Rula. Wewe ukasikia kwa masikio yako hayo, ukaniandikia sina aibu.

Unataka kujua kwa nini niliufuta mshikio. Mama nampitisha juu ya ubao. Ncha moja naiweka kitandani, nyingine naiweka kwenye kiti, anateleza kidogo kidogo huku nimemshika kiunoni. Kitanda kimekaa ukutani, kwa hiyo anaingilia upande mmoja tu wa kiti, wa kulia. Bomba lako limesimama palepale ubao unapopita. Ndiyo maana nilishusha kiti pia, kilingane na kitanda. Hayo ndiyo yalikuwa matumizi yangu ya kifutio. Ungeuliza kwa heshima mara moja tu, pengine ningeshindwa kunyamaza.

Tangu kiti kifike namnyanyua juu ya bomba. Ananiambia mwache mwanangu, amejitahidi. Jumanne goti lake liligonga bomba, kiti kikarudi nyuma, tukaanguka wote wawili kati ya kitanda na kiti, yeye juu, mimi chini. Tulikaa hapo mpaka kaka yako aliporudi kutoka kazini. Mwanzoni Mama alicheka. Akasema, "Sasa na wewe chora hii." Halafu akalia, wifi. Sijawahi kumwona akilia, hata siku ya msiba wa Baba. Bega limevimba, daktari amesema halijavunjika. Alipokuwa amelala juu yangu pale chini, kitu alichokuwa anarudia ni kimoja: "Usimwambie. Mwambie bomba ni zuri."

Alituapisha, mimi na kaka yako. Sababu unaijua, ila hutaki kuikumbuka. Alipougua mara ya kwanza uliacha kazi, ukaja ukakaa mlangoni kwake ukimtazama anavyotafuna, na machozi yakikutoka kila akidondosha punje ya wali. Yeye anasema ugonjwa aliuvumilia, kilichomshinda ni macho yako. Alisema, "Huyu akijua ataacha kazi tena aje anililie. Mwacheni achore."

Basi nimevunja kiapo cha mama mkwe kwa ajili ya bomba. Nitukane sasa, karatasi ipo.

Kifutio

22 Aprili

Wifi,

Uliniambia nisiisome ofisini. Nikaisoma ofisini. Nimelia mbele ya watu wanaoniogopa, na mmoja akaniletea maji, ikabidi nimwambie ahsante, kitu ambacho hawajawahi kukisikia.

Sijui kuomba radhi. Unalijua hilo tangu chuoni. Ile meza ya karakana ni yako, na kiti chenye mto. Yale niliyokuandikia kuhusu nguzo ya nyumba, barua hiyo itafute uichane, usimwonyeshe kaka. Sikujua mtu anaweza kudharau vizuri hivyo na akawa anamdharau asiye na kosa. Nimejidharau pia, wiki nzima, na ni kazi ninayoiweza.

Nilianza na barua ya kuacha kazi. Niliiandika, nikaweka sahihi, nikaikunja. Halafu akilini nikamwona Mama akinitazama ninavyomtazama. Nimeichana. Sitakuja kabla ya likizo yangu. Nikija nitaingia nikicheka, nitashangaa inavyotakiwa, na nikianza kulia mbele yake una ruhusa ya kunifinya.

Mshikio nimeufuta mwenyewe. Niliuchagua, mstari ukawaka, nikakaa nao muda mrefu kidole kikiwa juu ya kitufe. Nikaona siku ile ya Desemba yote, simama Mama, kaa Mama. Nikafuta. Vifungo vyote vikaondoka nao kimyakimya, kama nilivyokufundisha kwa majivuno. Mgongo ukalala, ubao wa miguu ukapanda. Nimevifunga upya, ila nimeacha kimo cha kiti wazi, sina kipimo cha kumpa Miwani akishushe. Nipimie kitanda kutoka sakafuni mpaka juu ya godoro, Mama akiwa amelikalia, si likiwa tupu, maana najua utapima likiwa tupu. Nipimie na huo ubao unaompitishia. Ukikosea nitakutukana, hilo halijafutwa.

Miwani nimeshampigia. Grainda inatoka kabatini leo hii, bomba linakatwa na kusuguliwa mpaka kiganja kisihisi kitu. Nimemwambia neno lako ni neno langu. Aliuliza mara mbili kama ni mimi ninayeongea.

Jana ilikuwa Ijumaa. Mama alisema, "Subiri mwanangu, vumbi, nifunge dirisha." Nikamwambia nenda taratibu, Mama. Nikasikia ndara. Nilishika simu kwa mikono miwili. Zamani nilikuwa nasikia ndara tu, jana nilikusikia wewe, na mgongo unaokuuma. Alipohema nikamwambia hongera, umewahi kweli leo. Akacheka. Alifurahi kunidanganya, wifi, na mimi nilifurahi kudanganywa, na sikulia mpaka alipokata.

Lakini kazi yako ina kasoro. Unaburuta mno mguu, Mama hakuwahi kutembea kichovu hivyo hata siku moja. Na dirisha unalifunga polepole kama mgeni anayeogopa kuamsha watu. Ijumaa ijayo lifunge kwa kishindo. Ndivyo linavyofungwa na mwenye nyumba.

Salamu nilizosahau kwenye barua ya kwanza, pokea.

Rula